Namna ya Kuandika Wasifu wa Baba Aliyetumikia Umma

Familia inapofiwa na mtu aliyefanya kazi ya umma kwa miaka 30 au 40, karatasi ya kwanza kutafutwa huwa ni orodha ya vyeo vyake. Inanakiliwa, majina ya watoto yanaongezwa mwishoni, kisha inasomwa mbele ya waombolezaji kama wasifu wa marehemu. Waliofanya naye kazi wanasikia wanayoyajua tayari. Watoto na wajukuu wanasikia majina ya idara ambazo hawakuwahi kukanyaga. Baada ya wiki chache hakuna anayekumbuka kilichosomwa.

Shida inaanzia kwenye namna mtumishi wa umma anavyoishi. Maisha yake yanabaki yamegawanyika pande mbili. Ofisini wanajua maamuzi aliyoyafanya lakini hawajui yalimgharimu nini. Nyumbani wanajua alirudi saa ngapi na akiwa na sura gani, ila hawajui siku hiyo alikuwa anashughulikia jambo gani. Kazi ya mwandishi wa wasifu ni kuzikutanisha pande hizo, na mara nyingi hiyo huwa mara ya kwanza kukutana. Anayeweza kuifanya kazi hii vizuri ni mtu yeyote mwenye subira ya kuhakiki tarehe na kusikiliza watu. Si lazima awe mwandishi wa kusomea.

Amua kwanza unaandika nini

Yapo maandishi matatu tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakoleta wasifu wa dakika 25 unaochosha kila mtu. La kwanza ni tanzia, yaani tangazo: nani amefariki, lini, alikuwa nani kwa familia na kwa umma, maziko ni lini na wapi. Maneno 80 hadi 150 yanatosha. La pili ni wasifu wa kusomwa kwa sauti, maneno 700 hadi 800. La tatu ni simulizi kamili ya maisha yake, maneno 2,500 na kuendelea, ya kuhifadhiwa na familia. Hilo la tatu lisiandikwe wiki ya msiba. Kusanya vitu vyake tu kwa sasa, na ukae kuliandika mambo yakitulia.

Wasifu uandikwe na mtu mmoja. Kikao cha familia kitoe habari, kisome rasimu na kusahihisha, lakini kalamu ishikwe na mkono mmoja, la sivyo kila tawi la ukoo litaingiza aya yake. Mpe mwandishi wasaidizi wawili: mmoja wa kuhakiki majina na tarehe, mwingine wa kuzungumza na ofisi. Mjane asibebeshwe kazi hii, wala mtoto aliyekuwa akimuuguza baba siku za mwisho. Wao wana mengi ya kusema, na wanayasema vizuri zaidi wakiulizwa kuliko wakikabidhiwa karatasi tupu. Mkwe, mpwa au mjukuu mkubwa mara nyingi ndiye anayefaa.

Karatasi kabla ya midomo

Anza na nyaraka, kwa sababu watu hukumbuka matukio vizuri lakini miaka huichanganya, hasa kwa mtu aliyehamishwa mara nyingi. Pa kuangalia kwanza ni bahasha ya mafao ya kustaafu. Ili kulipwa pensheni, mtumishi hutakiwa kuthibitisha utumishi wake tangu mwanzo, kwa hiyo humo huwa mmekaa barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa cheo na ya kustaafu. Baada ya hapo tafuta shajara, vitambulisho vya kazi, vyeti vya mafunzo, hotuba ya kuagwa, na vipande vya magazeti. Uteuzi wa ngazi za juu na nishani mara nyingi hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali, na maktaba kubwa huwa nalo.

Barua ya uhamisho ina habari nyingi kuliko inavyoonekana. Chukua moja uisome polepole kuanzia juu. Kumbukumbu namba inakuonyesha ilitoka idara gani, na ofisi inaweza kuitumia kutafuta jalada lake masjala. Tarehe ya barua siyo tarehe ya kuhama: tafuta ndani yake siku aliyotakiwa kuripoti, maana kati ya hizo mbili kunaweza kuwa na siku 14 au miezi 3, na tofauti hiyo ndiyo inayoeleza familia ilijiandaaje. Angalia kama ameandikwa “kuteuliwa” au “kukaimu”. Kukaimu ni kushika nafasi kwa muda, na mtu aliyekaimu ukurugenzi kwa miezi minane hakuwa mkurugenzi. Ukimwandika mkurugenzi, wenzake wataguna. Mwisho, chini kabisa, soma sehemu ya “Nakala kwa”. Hapo pana orodha ya ofisi zilizohusika, na kwa hiyo orodha ya watu wa kuwatafuta na kuwauliza.

Nyaraka moja inazidi zote kwa utajiri: taarifa ya makabidhiano ya ofisi. Kila anayehama au kustaafu huandika alichokikuta, alichokifanya, kilichobaki na matatizo yaliyopo. Ukipata ya aliyemtangulia na ile aliyoiandika yeye alipoondoka, unaziweka sambamba na kazi yake inaonekana yenyewe: madai ya wazabuni yaliyokuwa yamerundikana na sasa yamelipwa, ramani zilizokuwa hazipo na sasa zipo, watumishi wawili walioajiriwa kwenye kitengo kilichokuwa na mmoja. Hizi ndizo habari ambazo orodha ya vyeo haina.

Tahadhari moja hapa. Ukikuta majalada ya ofisi nyumbani, au karatasi zenye muhuri wa siri, usizipige picha wala kuzisambaza kwenye kundi la familia. Ni mali ya ofisi. Ziwekwe kando, zirudishwe kwa barua, na aliyezipokea asaini.

Jedwali la nguzo tatu

Hii ndiyo hatua inayobeba kazi yote, na ndiyo watu wanayoiruka.

Chukua karatasi ya A3, au unganisha mbili za A4 kwa ubavu mrefu. Piga mistari upate nguzo tatu: Mwaka, Kazini, Nyumbani. Andika kila mwaka kuanzia alipozaliwa hadi alipofariki, mstari mmoja kwa kila mwaka, hata ule usio na habari. Kwa mtu aliyeishi miaka 78 utahitaji karatasi mbili za aina hiyo. Kilichothibitishwa kwa nyaraka kiandike kwa wino. Kilichosemwa na mtu kiandike kwa penseli, na herufi za mwanzo za jina la aliyekisema pembeni. Usichanganye. Siku mbili baadaye, ukiwa umechoka na simu zinaita, rangi ya maandishi ndiyo itakayokukumbusha lipi la uhakika.

Upande wa nyumbani weka ndoa, kuzaliwa kwa kila mtoto na mahali, shule walizosoma na walizohamishwa, nyumba walizoishi, ndugu aliowalea, vifo vya wazazi wake, ugonjwa, ujenzi. Upande wa kazi weka vituo, vyeo, mafunzo, miradi, na dharura alizosimamia kama mafuriko, mlipuko wa ugonjwa au uchaguzi.

Ukimaliza, acha kusoma kuanzia juu kwenda chini. Soma kwa kukata, kutoka nguzo moja kwenda nyingine. Hapo ndipo mambo yanajitokeza ambayo hakuna mtu mmoja aliyewahi kuyaona yote. Mwaka aliopelekwa kituo cha mbali ndio mwaka mtoto wa tatu alizaliwa, kwa hiyo mama alijifungua akiwa peke yake. Mwaka aliokataa kwenda masomoni nje ndio mwaka mama yake mzazi alipooza. Miaka minne ambayo watoto walimwona mkali sana inalingana na miaka minne ya kazi ngumu ya kufunga hesabu za idara iliyokuwa imevurugika. Weka alama ya duara kila mahali nguzo mbili zinapogusana namna hiyo. Ukipata matatu yenye nguvu, umepata uti wa mgongo wa wasifu, na mengine yote yatajipanga kuyazunguka.

Jedwali pia huonyesha mapengo. Mwaka mmoja au miwili isiyo na kituo huenda ni mafunzo, ugonjwa, kusimamishwa kazi, au barua iliyopotea tu. Usilijaze pengo kwa kubahatisha. Muulize kwanza mtu mmoja wa karibu, faraghani, kabla hujauliza mbele ya kikao.

Wa kuwauliza, na maswali yenyewe

Wakubwa wenzake watakupa sifa za jumla. Habari zenye mwili hutoka kwa waliomwona kila siku: dereva, katibu muhtasi, karani wa masjala, mhudumu wa ofisi, na kijana aliyeanza kazi chini yake. Tafuta pia aliyemrithi nafasi, kwa sababu huyo alikalia kiti kile kile na anajua alichoachiwa. Nyumbani, anza na mke, kisha mtoto mkubwa na mtoto wa mwisho kila mmoja peke yake. Hao wawili mara nyingi wamelelewa na baba wawili tofauti: mmoja kijana mwenye haraka, mwingine mtu mzima aliyekaribia kustaafu.

Swali la “alikuwa mtu wa namna gani?” halina faida. Linaleta “mcha Mungu, mpole, mpenda watu”. Uliza yanayolazimisha jibu lenye tukio. Asubuhi alifanya nini kwanza akifika ofisini? Ni jambo gani lilimkasirisha kuliko yote kazini? Ni lini alikataa kusaini kitu? Alimsaidia nani asiyeweza kumlipa chochote? Siku ya mapumziko alikuwa wapi saa nne asubuhi? Aliwahi kuomba radhi, na aliombaje? Alikuwa anarudia neno gani mpaka watoto wakalijua kwa moyo? Kwa mke uliza swali hili peke yake, kisha unyamaze: kila uhamisho ulipokuja, mliamuaje nyumbani?

Rekodi kwa simu, ukiomba ruhusa kwanza. Iweke simu karibu na msemaji, kama sentimita 30, juu ya kitambaa ili mtikisiko wa meza usisikike, mbali na feni. Washa hali ya kutopokea simu, la sivyo simu ikiingia rekodi inaweza kukatika. Mwanzoni mwa kila rekodi taja tarehe, jina la anayezungumza na uhusiano wake na marehemu. Dakika 20 hadi 30 kwa mtu mmoja zinatosha wiki ya msiba. Mtu akianza kulia, usimkatize na usiharakishe kuzima. Mwulize kama angependa kupumzika, halafu fuata atakalosema.

Simulizi moja uhakikishe kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja, au kwa mtu mmoja na nyaraka moja. Hadithi nzuri za misibani hukua haraka, na ifikapo siku ya tatu kila mtu ameshazisikia, hivyo kila mtu atazithibitisha. Uliza: wewe mwenyewe ulikuwepo?

Kuandika upande wa kazi

Vyeo vyote viingie kwenye kijitabu, kwenye jedwali dogo, mwaka na kituo. Kwenye wasifu wa kusomwa taja vitatu au vinne tu: alikoanzia, pale palipombadilisha, na alikoishia. Nafasi inayobaki ipe kazi moja uieleze kwa karibu. Moja inayoonekana vizuri inazidi kumi zilizotajwa kwa majina.

Linganisha sentensi hizi mbili. “Alikuwa mchapakazi hodari aliyejali wananchi.” Na hii: “Kila Jumatatu alianzia kaunta ya mapokezi, akakaa na karani nusu saa kusikiliza malalamiko, ndipo akapanda ofisini kwake.” Ya pili haina sifa hata moja, na msikilizaji anaitoa sifa yeye mwenyewe. Kwenye rasimu ya kwanza pigia mstari kila neno la sifa: hodari, mwadilifu, mnyenyekevu, shupavu. Kila moja lidai tukio lake. Lisilo na tukio lifute, hata kama unajua lilikuwa kweli.

Chunga vitenzi. Kazi ya umma hufanywa na wengi, na “alijenga”, “alianzisha”, “aliongoza”, “alisimamia”, “alishiriki” kila kimoja kina uzito wake. Kama alikuwa katibu wa kamati iliyopendekeza mradi wa maji, andika hivyo hivyo. Ukiandika kwamba aliuleta mradi wa maji, umewapokonya wenzake waliokaa kwenye viti vya mbele, na umewafanya watilie shaka na yaliyo kweli. Ukweli mdogo ulioandikwa sawasawa humpa marehemu heshima ambayo chumvi haiwezi kumpa.

Vifupisho vya idara na miradi viandikwe kwa kirefu. Msomaji wa wasifu hawezi kukisia, na wajukuu miaka 20 baadaye hawatajua kilikuwa nini, maana wizara na idara hubadilishwa majina. Tumia jina lililokuwapo wakati ule, kisha kama ni lazima taja linaloitwa sasa.

Usitaje kwa majina raia aliowasaidia, wagonjwa, wafungwa, watoto aliowaombea nafasi, wala watumishi aliowaonya. Walimjia kwa imani, na siri hiyo haikufa naye. “Mama mmoja aliyekuwa anadai mirathi ya mumewe” inatosha.

Yako pia mambo magumu: alishushwa cheo, alisimamishwa kisha akarudishwa, aligombana na mkubwa wake, alistaafu mapema kwa lazima. Likiwa linajulikana na watu wote, kulificha kabisa kunawafanya wasikilizaji walifikirie muda wote. Sentensi moja iliyotulia inatosha: mwaka gani, nini kilitokea, kiliishaje. Usimlaumu mtu wala ofisi kwenye jukwaa la msiba, hata kama familia ina haki. Likiwa halijulikani, uamuzi ni wa mjane na watoto, na mwandishi autii. Mipaka ni kwamba pengo linaweza kuachwa, lakini uongo usiwekwe mahali pake.

Kuandika upande wa nyumbani

Wasifu mwingi humalizia na “ameacha mke na watoto watano”, kana kwamba familia ilikuwa mizigo iliyobaki stesheni. Kama alikuwa baba wa familia kweli, familia iingie mapema, kwenye aya ya pili au ya tatu, na iendelee kuonekana kila kazi inapobadilika. Hapo ndipo yale makutano matatu ya kwenye jedwali yanapotumika.

Kutokuwepo kwake kusemwe. Watoto wa watumishi wengi walikua baba yupo kituoni, na wakisikia wasifu unaodai kwamba alikuwa nyumbani kila jioni wataumia kimya kimya. Andika kama hivi: “Kwa miaka sita baba aliishi mbali na nyumbani kwa sababu ya kazi. Miaka hiyo mama aliiendesha nyumba peke yake, na ndiye aliyemwezesha kuitikia kila kituo alichopangiwa. Ripoti za shule zilitumwa kwake kwa posta, zikarudi zimesainiwa, na maoni yake yamejaa pembeni.” Sentensi hizo tatu zinasema alikosekana, nani alibeba mzigo, na alifanya nini ili asipotee kabisa kwa wanawe. Mke hapo anaonekana kama mtu aliyefanya kazi. Hiyo ni haki yake, na mtu aliyempenda mkewe angetaka isemwe.

Majina ya watoto ndiyo yanayoleta ugomvi kuliko kitu kingine chochote. Yaandikwe yote kwa mpangilio wa kuzaliwa, yahakikiwe na kila mmoja herufi kwa herufi, na watoto wa nje ya ndoa, wa kulea na waliotangulia kufariki waamuliwe na kikao kabla ya kuchapisha. Mtoto aliyeachwa nje ya orodha hataisahau orodha hiyo maisha yake yote. Rasimu ya majina isomwe kwa sauti kwenye kikao, mkubwa wa familia aseme imekubalika, na kuanzia hapo isibadilishwe kwa simu ya mtu mmoja.

Walio hai waandike kwa wakati uliopo. “Alikuwa na watoto watano” huwashtua watoto wenyewe wakisikia. “Ana watoto watano”, au “watoto wake ni watano”, ni sahihi zaidi.

Kuusoma

Kiswahili kikisomwa kwa utulivu mbele ya watu wengi huenda karibu maneno 100 kwa dakika. Maneno 750 ni kama dakika saba na nusu, na kwa vituo vya kumeza mate na kufuta machozi ni dakika tisa. Jipime kwa saa, ukiwa umesimama, kwa sauti kamili. Kusoma kimoyomoyo kunadanganya, kwa sababu macho hukimbia kuliko ulimi.

Nakala ya kusomea ichapwe kwa herufi za ukubwa wa 16, nafasi ya mstari moja na nusu, upande mmoja tu wa karatasi, kila ukurasa uwe na namba na uishie kwenye nukta. Sentensi ikikatwa katikati na ukurasa, msomaji hupoteza sauti akiwa anafunua. Usibane kwa pini: telezesha ukurasa uliokwisha pembeni. Mahali ambapo machozi yanaweza kuja, kwa kawaida kwenye jina la mke au maneno ya mwisho ya baba, weka sentensi fupi. Sentensi ndefu ndiyo inayomkatikia mtu pumzi. Msomaji wa pili awe amekaa karibu, ana nakala yake, na wamekubaliana ishara ya kupokezana.

Kama ofisi pia inataka kuzungumza, waonyeshe rasimu mapema na mgawane. Ofisi itangulie, ieleze utumishi kwa dakika tatu au nne, kisha familia ifuate na maisha yote. Bila makubaliano hayo tarehe za vituo zitasomwa mara mbili, na mara nyingi zitapishana.

Picha na kijitabu

Kijitabu cha kawaida ni karatasi za A4 zilizokunjwa katikati kupata kurasa za A5, yaani milimita 148 kwa 210, zikabanwa pini kwenye mkunjo. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne: 8, 12 au 16. Ukipeleka kwa mchapaji kurasa 10, utarudishiwa kijitabu chenye kurasa mbili tupu au chenye picha ulizoziacha zikijaza nafasi. Maandishi yawe na ukubwa wa 11 au 12, maana wazee ndio wasomaji wako wakubwa. Pembeni acha angalau milimita 12.

Picha ya kazini mara nyingi ni ile ndogo ya pasipoti. Yenye sentimita 3.5 kwa 4.5 ukiiskani kwa nukta 1,200 kwa inchi, unapata picha inayoweza kuchapwa sentimita 14 kwa 18 kwa nukta 300, ambazo ndizo zinazohitajika kwa uchapishaji mzuri. Ukiiskani kwa 300, huwezi kuikuza bila kupata ukungu. Skana haiongezi kisichokuwemo kwenye picha, kwa hiyo kama ya asili haina makali, ichape ndogo. Picha zinazopita WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora, hivyo mwambie anayetuma aiambatishe kama faili la waraka. Picha iliyoganda kwenye albamu ya gundi usiing'oe, iskani ikiwa hapo hapo.

Chini ya kila picha ya kikundi andika mwaka, tukio, na majina kutoka kushoto. Fanya hivyo sasa hivi wazee wakiwa wamekusanyika msibani, kwa sababu nafasi ya kuwapata wote pamoja ni nadra. Nyuma ya picha ya asili andika kwa penseli laini, kwa kugusa tu. Wino wa kalamu hupenya na kuchafua upande wa mbele.

Kwenye tanzia inayowekwa mtandaoni, mwaka wa kuzaliwa unatosha. Tarehe kamili ya kuzaliwa, namba za vitambulisho, picha ya cheti cha kifo na anwani ya nyumbani visionekane, kwa kuwa matapeli huvitumia kufungua akaunti na kudai mafao kwa jina la marehemu. Usitangaze pia saa ambazo nyumba itakuwa haina mtu. Namba ya rambirambi iwe moja, ya mtu aliyetajwa na familia, na tangazo liseme wazi kwamba hakuna nyingine.

Baada ya msiba

Ndani ya mwezi wa kwanza watumie wasifu wote uliowahoji na uombe masahihisho kwa maandishi. Makosa yatakuwepo. Sahihisha, andika tarehe ya toleo jipya juu ya ukurasa wa kwanza, na toleo hilo ndilo litumike kuanzia hapo. Ule uliosomwa siku ya maziko uhifadhi kama ulivyo, pamoja na jedwali la nguzo tatu, ambalo ndilo msingi wa simulizi kamili.

Rekodi na picha zipe majina yanayoanza na mwaka, mwezi na siku, kama 1987-04-12-kituo-cha-kwanza, ili zijipange zenyewe. Tunza nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Karatasi za asili zitoe raba, pini zenye kutu na selotepu inayotoka kwa urahisi, zikae kwenye bahasha ndani ya sanduku mahali pakavu pasipopigwa na jua. Usizifanyie laminesheni: joto na gundi yake haviondoki tena, na barua iliyoharibiwa hivyo haiwezi kutengenezwa. Vipande vya magazeti vitenge na barua, kwa kuwa karatasi yake hugeuka njano na kuchafua zinazoigusa. Vinakili mapema.

Kama utumishi wake uligusa watu wengi, ofisi ya nyaraka za taifa au maktaba ya chuo inaweza kupokea karatasi zake. Kabla ya kupeleka, usizipange upya kwa mpangilio wako. Namna alivyozipanga yeye ni sehemu ya ushahidi wa alivyofanya kazi. Tengeneza orodha ya kila bahasha na kilichomo, kubalianeni kwa maandishi nani ana hakimiliki na karatasi zipi zifungwe kwa miaka mingapi, na familia ibaki na nakala ya orodha iliyosainiwa pande zote mbili.